Muulize Fundi wa Vyombo: Nifuate namba au ufito?

SWALI: Fundi, shikamoo. Naunda boti yangu ya kwanza uani kwetu, ya plaiwudi, futi 12. Michoro niliyonunua ina jedwali la vipimo. Nimepiga alama zote sakafuni kwa ukubwa wa boti yenyewe, nikagonga msumari kwenye kila alama na kupitisha ufito, kijiti kirefu chembamba kinachopinda. Unagusa misumari yote, lakini mstari wa ukingo wa juu unapindapinda kama nyoka, hasa karibu na omo, mbele ya boti. Nimepima mara tatu, namba ni zilezile. Nirekebishe? Naogopa kuharibu umbo alilokusudia mchoraji.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Fuata ufito.

Mchoraji wako alichora kwenye karatasi. Kama kipimo chake ni moja kwa kumi, unene wa kalamu wa nusu milimita ukifika sakafuni kwako ni nusu sentimita nzima, na hapo hajakosea kusoma rula. Ukiisogeza alama milimita 4 au 5 hujamharibia kitu, unamalizia kazi yake. Ikitaka kusogea sentimita 2, simama kwanza. Huenda namba imenakiliwa vibaya, au macho yako yaliruka safu.

Na usidhani ufito ni mambo ya kizee. Kijana wangu anayesoma uhandisi amenieleza kwamba hesabu zinazochora mipindo ndani ya kompyuta zilichukua jina la Kiingereza la ufito huuhuu wa wachora meli, "spline". Mwanahisabati Isaac Schoenberg ndiye aliyezipa jina hilo, mwaka 1946.

Sasa nataka kujua ufito wako ukoje, maana hujaniambia. Nahisi ni mwembamba mno. Ufito mwembamba hutii kila msumari, hata ule uliokosewa. Tafuta mgumu kuliko wote unaoweza kupinda bila kualika. Kwa ukingo wa futi 12, anza na unene wa sentimita 1 kwa upana wa 2, nyuzi za mti zimenyooka, hauna fundo hata moja. Urefu uwe futi 14, ncha zipite alama za mwisho na kulala zenyewe. Ukiubana nchani, mpindo wote unaharibika. Misumari ikae ubavuni mwa ufito, huku na huku, usiutoboe.

Kisha ng'oa msumari mmoja ulio karibu na kigongo. Ufito ukiruka, alama ile ilikuwa inaulazimisha. Uache utulie, gonga msumari pale ulipolala. Usiporuka, urudishe, jaribu wa jirani. Mara nyingi kigongo unachokiona kimesababishwa na alama ya pili yake iliyo chini mno. Usiwe na haraka hapa. Lala kifudifudi, shavu sakafuni, fumba jicho moja, utazame ufito kutoka nchani. Ukiutazama hivyo mstari unakuwa mfupi, na kila kasoro inajitokeza. Nenda ncha ya pili, utazame tena. Halafu funga kazi, urudi asubuhi.

Nakusihi hivi kwa sababu chombo changu cha kwanza, dau la futi 18 hapa Nungwi, taruma la tatu kutoka omo, yaani ubavu wa ndani unaoshika mbao, lilitokeza nje unene wa kidole. Nililiona. Lilikuwa la mwembe, lina mpindo wake wa asili, nililitafuta siku mbili, nikaona uchungu kulichonga. Ubao nikaulazimisha kwa misumari. Kaskazi ya kwanza, palepale, pamba ya kalafati inayoziba nafasi za mbao ikatoka na maji yakaingia. Mjomba wangu aliyenifundisha hakunigombeza. Alilaza ufito ubavuni mwa dau, akaniambia nipitishe mkono. Tulibandua mbao tatu, nikalichonga kwa tezo taruma lilelile nililolionea uchungu.

Ukishausogeza ukingo kwenye mchoro wa ubavuni, peleka kimo hicho kipya kwenye mchoro wa taruma lake, kisha kagua mstari uleule kwenye mchoro wa kutoka juu. Mitatu hiyo lazima ikubaliane, na huenda ukaizunguka mara nne au tano. Chora nusu ya boti tu. Nusu ya pili ipate kwa kugeuza kigezo cha kadibodi.

Unapokata mataruma, acha milimita 2 nje ya mstari. Yakishasimama juu ya mkuku, uti wa chini wa boti, pitisha ufito uleule ukigusa matatu kwa pamoja, au zaidi. Palipozidi, piga randa kidogokidogo. Palipopungua, ambapo unaona mwanga kati ya ufito na taruma, gundisha kibanzi, kikikauka ukirande. Plaiwudi isikaribie boti kabla mwanga huo haujaisha.