Jibu kwa anayetaka kutia hamira kwenye juisi ya send-off

Mkuu, hamira weka chini. Mengine tutaongea baadaye.

Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi ana send-off ya mdogo wake, wageni 150, ukoo wenye wacha Mungu wengi. Anataka kinywaji cha matunda chenye gesi, kipengele cha shampeni kifanyike bila shampeni. Kauliza matunda gani yanafaa, rangi ipi iendane na sare za kamati, glasi za kukodi ziwe za aina gani, na bajeti ikoje. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayepitia tu, kaandika kwamba ameona video: juisi ya nanasi, kikombe cha sukari kwa kila lita, hamira robo kijiko, funga chupa siku mbili, "gesi inajitengeneza yenyewe". Na wadau mmejaa chini yake mnampigia makofi. Makofi ya nini?

Ni kweli gesi inajitengeneza. Uliza inakuja na nani.

Hamira ni viumbe hai. Wanakula sukari na kutoa vitu viwili kwa pamoja, gesi ya kaboni dayoksaidi na alkoholi, na uzito wake unakaribiana: gramu 180 za glukosi zikiliwa zote zinatoa gesi gramu 88 na alkoholi gramu 92. Huwezi kuwaambia "jamani, leo toeni gesi tu, kuna mashehe". Soda yenye mchomo mzuri ina gesi kama gramu 7 kwa lita. Ukiitafuta gesi hiyo kwa hamira, umepata na alkoholi gramu 7 na ushee, karibu asilimia 0.9 ya ujazo. Kule Marekani bia inayoandikwa haina kilevi inatakiwa iwe chini ya asilimia 0.5. Na hapo nimekuhesabia kana kwamba hamira itasimama pale ulipotaka wewe. Chupa ina sukari bado, joto la Dar lipo, isimame kwa nini?

Najua kuna mtu ataandika "mbona mkate una hamira na tunakula?" Mkate unaingia kwenye tanuri, alkoholi karibu yote inapotea kwa moto. Chupa yako imefungwa kizibo. Kilichomo kinabaki humohumo mpaka kifike kwa mama mkwe.

Mimi haya sikuyasoma mahali. Ilikuwa send-off ya mpwa wangu, binti wa dada. Sisi ni watu wa Same, na anayeijua Upare anajua: nusu ya ukoo Wasabato, nusu Waislamu, katikati hakuna wa kukuletea bia mezani. Mimi mjomba mtu nikasimama kwenye kikao cha kamati, kifua mbele, nikasema vinywaji niachieni. Kulikuwa na jamaa mmoja anauza mafunzo ya upishi kwenye magrupu ya WhatsApp, nikamlipa, akanitumia maelekezo yaleyale ya hiyo video yako. Nikamuuliza waziwazi, kilevi je? Akajibu kwa sauti ile ya kujiamini: hamira kidogo haileti kilevi, na hata kikiwepo kinaruka ukifungua chupa.

Kinaruka! Kinarukia wapi? Kinachoruka ukifungua chupa ni gesi, yaani kile nilichokuwa nakihitaji. Alkoholi inabaki imetulia inasubiri wageni.

Nikanunua chupa za kioo, zile nzuri zenye kizibo cha kubana na waya, kwa sababu nilitaka pichani zionekane za maana. Nikajaza juisi, sukari, hamira, nikafunga, nikazipanga stoo. Siku ya pili nikafungua moja, mapovu mpaka kwenye dari, nikafurahi kama mjinga. Zilizobaki nikazitia kwenye friji nikijua kazi imekwisha. Friji haiui hamira, wakuu, inailaza. Ukizitoa na kuzipakia kwenye buti la gari saa nane mchana, inaamka na njaa ya siku nzima.

Tulikuwa kwenye foleni ya Ubungo ya kwanza ilipopasuka. Dereva alidhani tairi. Ya pili ilipopasuka alizima gari akashuka, akaniacha na sherehe yangu. Watu wa bodaboda wakasogea, wakanusa, wakaniangalia mimi na suti yangu. Sasa hivi nacheka, lakini kipande cha kioo kilipita juu ya kiti cha nyuma kikakwama kwenye mlango, na mwanangu angekuwa kwenye kiti hicho kama mama yake asingemchukua mapema kwenda saluni. Kule Champagne, Ufaransa, watengenezaji wanaochachusha divai ndani ya chupa huongeza sukari kama gramu 24 tu kwa lita, imepimwa, na mgandamizo unafika karibu mara sita ya hewa ya kawaida. Tairi la gari dogo huwa na kama mbili. Ndiyo maana chupa zao ni nene na nzito vile. Mimi nilitia kikombe kizima kwa lita, ni kama gramu 200, kwenye chupa ya kioo cha kuwekea maji mezani. Nilikuwa nimetega mabomu kwa mkono wangu na kuyafungia utepe wa rangi ya waridi.

Ungedhani hapo mtu anapata akili. Sikupata. Zilizosalia nikazifikisha ukumbini, maana nilikuwa nimeshaahidi na kikao kilishanipigia vigelegele.

MC akatangaza, na maneno haya ninayo kwenye video ya sherehe ambayo dada yangu anakataa kuifuta: "Shampeni ya matunda, imeandaliwa na mjomba, haina kilevi hata tone, Wasabato mpo? Waislamu mpo?" Wapo. Wakanywa. Watoto wakanywa, mashangazi wakaomba kuongezewa. Mzee mmoja wa upande wetu, aliyeachana na mambo hayo miaka mingi alipobatizwa, akaonja, akafumba macho, akaonja tena, akasema kwa sauti ya kusikika meza tatu: "Jamani, hii dengelua ya mananasi mmeitoa wapi?"

Kwa wasioijua, dengelua ni pombe ya miwa, na Mpare wa umri ule huwezi kumdanganya kwenye somo hilo.

Mtu anaweza kunywa akalewa, ikaisha. Lakini kuna watu pale wamekaa maisha yao yote bila kugusa, wengine kwa nadhiri, wengine kwa dini, na wamenywa kwa sababu mimi nimewaambia ni salama. Shangazi wa upande wa baba wa binti aliweka glasi chini, akavaa mtandio wake vizuri, akatoka nje. Hakugombana. Angegombana ningepona mapema. Nilizunguka nyumba za watu kuomba radhi kwa muda mrefu kuliko ile kamati ilivyokaa vikao, na mpaka leo kwenye grupu la ukoo jina langu ni Mjomba Dengelua. Nimezoea, naitika.

Yule mwalimu nilipomrudia, unajua alinijibu nini? Kwamba nilitumia hamira ya mkate, ilitakiwa ya divai. Kwanza hukusema. Pili, hamira ya divai nayo inafanya kazi gani, inaswali? Kazi yake ni kutengeneza divai! Akanizuia nisimwandikie tena, na mafunzo anaendelea kuuza. Mniache nitoe povu, povu ndilo lililobaki.

Kwa hiyo mkuu, sheria ni moja na ninaomba uiandike kwenye mlango wa friji: matunda tengeneza, gesi nunua, vikutane kwenye glasi. Sio kwenye ndoo, sio kwenye jagi saa mbili kabla ya wageni kufika, sio kwenye chupa. Kwenye glasi.

Nunua maji ya gesi, yale ya dukani yasiyo na sukari wala ladha. Yametiwa gesi kiwandani, hayana hamira, hayana kilevi, na chupa yake imetengenezwa kubeba hiyo gesi. Wewe tengeneza sharubati nzito ya matunda. Kwa lita moja ya sharubati: juisi ya nanasi iliyochujwa mililita 700, sukari gramu 400, ndimu mbili. Juisi na sukari vichemke kidogo, vipoe, ndimu ziingie mwisho. Kuchemsha si mbwembwe. Maganda ya matunda huwa na hamira zake za asili, na juisi mbichi yenye sukari ikikaa chupani kwenye joto inaanza biashara ileile bila wewe kuialika. Ukitaka pasheni, toa nanasi kidogo uweke pasheni baada ya kupoa, harufu isipotee kwa moto, na uikamue kwa chujio. Usiitie kwenye blenda ikasaga mbegu, inakuwa chungu.

Chuja kwa kitambaa, rudia. Nyuzinyuzi za nanasi zikikutana na maji ya gesi yanafoka yote, unabaki na povu mezani na maji matamu kwenye glasi.

Sharubati kipimo kimoja, maji ya gesi vipimo vitatu. Watu 150, glasi mbili kila mmoja, glasi ya mililita 200, jumla lita 60. Maana yake sharubati lita 15 na maji ya gesi lita 45. Ukiilamba sharubati peke yake utaona tamu kupita kiasi, usiogope wala usiongeze maji. Ikishachanganywa na kuwa baridi, utamu unashuka. Onja siku moja kabla, kwenye glasi, na maji ya gesi baridi.

Na baridi ndiyo kila kitu. Maji ya nyuzi 0 yanashika gesi karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 20, na ukumbi wa Dar feni zikizidiwa ni nyuzi 30. Chupa za maji ya gesi zilale kwenye barafu tangu asubuhi, sharubati ilale friji. Mhudumu anatanguliza sharubati kwenye glasi, anainamisha glasi, anamimina maji ya gesi taratibu pembeni, anakoroga mara moja kutoka chini, basi. Barafu ya vipande vikubwa, sio ya kusaga, ya kusaga inaitoa gesi mbio. Chukua chupa ndogo za maji ya gesi hata kama bei inapanda kidogo. Chupa kubwa ikifunguliwa na kuzungushwa meza tano, meza ya tano wanakunywa juisi.

Wape wahudumu ishara: MC akianza kumwita bwana harusi mtarajiwa, ndipo wanaanza kumimina. Ma-MC wanapenda kuhadithia, ukimimina mapema gesi yote itakwishia kwenye hadithi ya walivyokutana.

Mdau aliyeandika hapo juu atumie bakingi soda na ndimu: gesi inatoka kweli, kilevi hakuna, lakini inaacha chumvi yake ndani na kinywaji kinaonja kama dawa ya kiungulia. Na yule wa tangawizi ya kuchachusha ya bibi yake, ambaye anasema ni ya asili haina shida: tembo la mnazi nalo ni la asili.

Mkuu, kama hamira umeshanunua usiitupe. Asubuhi ya sherehe wapishi wanafika alfajiri na kamati huwa inasahau chai yao. Wakandie maandazi.