Waulize Wataalamu wa Ngozi: Jeli imezidisha chunusi, na mkorogo hauachiki

Nina miaka 19, niko Tanga. Duka la dawa walinipa jeli ya adapalini 0.1%. Hii ni wiki ya tatu, chunusi zimeongezeka na ngozi inabanduka pembeni mwa pua. Asubuhi nanawa kwa sabuni ya kipande, nasugua kwa sukari na limau, kisha napaka mafuta ya nazi. Usiku naitia jeli juu ya kila chunusi. Niiache?

Usiiache, mdogo wetu. Yanayokuharibia uso zaidi ni yale ya asubuhi.

Chunusi huanza pale tundu la kinyweleo linapozibwa na mafuta ya ngozi pamoja na seli zilizokufa. Bakteria wanaoishi humo huzaliana, mwili unapambana nao, ndipo panapovimba na kutunga usaha. Yote hayo hufanyika chini kwa chini kwa wiki kadhaa kabla hujaona kitu kwenye kioo. Adapalini huzibua matundu hayo, na mwanzoni zile chunusi zilizokuwa njiani huweza kutokeza kwa mpigo. Wengi hukata tamaa hapo, wakati dawa ndiyo kwanza inaanza kazi. Ipe wiki 12 ndipo uihukumu.

Sukari iache leo. Punje zake zina ncha, zinakwaruza ngozi ambayo jeli imeshailainisha. Limau ni asidi kali, na maji yake yakibaki usoni ukatoka juani yanaweza kukuunguza na kukuachia doa la miezi. Sabuni ya kipande, hasa ya kufulia, ina alkali, ilhali ngozi yenye afya ina asidi kidogo. Ndiyo maana ukimaliza kunawa uso unakaza kama ngoma. Mafuta ya nazi nayo huziba matundu kwa wengi wenye chunusi. Yabaki ya nywele na miguu.

Sasa fanya hivi. Jioni nawa kwa sabuni laini ya uso isiyo na manukato, kwa vidole tu, bila dodoki. Futa kwa kugandamiza taulo, usisugue. Subiri dakika 20 uso ukauke kabisa, maana jeli ikikuta ngozi mbichi inapenya kwa nguvu na kuunguza. Kamua jeli kiasi cha punje moja ya njegere kwenye ncha ya kidole. Gusa kipaji nukta moja, kila shavu moja, kidevu moja, halafu sambaza taratibu uso mzima. Hapo ndipo ulipokosea: jeli inazuia chunusi ambazo hazijatoka, kwa hiyo kuitia juu ya zilizokwisha kutoka ni kuchelewa. Usiisogeze kwenye macho, midomo na kona za pua. Kona hizo zipake kwanza mafuta ya mgando membamba kama kinga. Malizia na losheni nyepesi isiyoziba matundu.

Kwa kuwa umeshachubuka, pumzisha jeli siku nne au tano. Ukirudi, paka usiku mmoja, ruka miwili. Baada ya wiki mbili paka usiku mmoja, ruka mmoja. Ngozi ikizoea, paka kila usiku. Asubuhi nawa kwa maji tu, losheni, kisha krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi. Kiasi chake ni mistari miwili iliyojaa urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo. Watu hupaka nusu ya hapo wakalalamika kwamba haifanyi kazi.

Michubuko ikiisha na bado una chunusi zenye usaha, ongeza benzoili peroksaidi ya 2.5% asubuhi. Usikimbilie ya 10%. Inaunguza zaidi na faida yake haizidi sana. Tumia foronya na taulo nyeupe, kwa sababu dawa hii hufuta rangi: foronya ya bluu utaikuta na viraka vyeupe pale shavu lilipolala, na khanga uliyojifunika kichwani haitasalimika.

Jambo moja la mwisho kwako: ukishika mimba au ukipanga kushika, adapalini iache.

Nina miaka 28, Dar es Salaam. Nimetumia mkorogo miaka mitatu. Nikiacha siku tatu uso unawaka, unakuwa mwekundu na kujaa vipele vidogo vinavyofanana. Nikirudia, unatulia usiku huohuo. Je, ngozi yangu inauhitaji?

Hapana, dada yetu. Huko kutulia ndiko kunakokufunga.

Mikorogo mingi huchanganywa na krimu za steroidi kali, kama klobetasoli au betamethasoni, pamoja na hidrokwinoni ya kung'arisha ngozi, na mingine ina zebaki. Steroidi huzima uvimbe haraka, ndiyo maana mwezi wa kwanza uso hung'aa na kila mtu anakusifia. Lakini huku inapunguza unene wa ngozi, mishipa midogo inaanza kuonekana mashavuni, nywele laini za usoni zinarefuka na vipele vya saizi moja vinajaa. Ukiiondoa ghafla, mishipa iliyokuwa imebanwa inafunguka na uvimbe uliokuwa umezimwa unarudi kwa hasira. Unarudia krimu, unapata nafuu, na safari inaanza upya.

Hili usilimalize nyumbani. Muone daktari wa ngozi. Muhimbili kuna kliniki, na walio kaskazini wanayo hospitali ya KCMC, Moshi, penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Nenda na kopo lenyewe, hata kama halina lebo, na useme ukweli wa muda uliotumia. Daktari ndiye atakayeamua kama utaacha mara moja au kwa kushuka hatua kwa hatua, na kama utahitaji vidonge. Kwa sasa usijaribu krimu nyingine yoyote ya chunusi, kwani kwenye ngozi hiyo hata dawa nzuri inaunguza. Maji ya baridi, sabuni laini, losheni isiyo na manukato, kivuli. Basi. Kipindi kigumu huchukua wiki kadhaa, kwa wengine miezi, na tunajua ni kigumu kutoka nje na uso huo. Kikipita ukiwa hujairudia, ngozi nyingi hutulia.

Kama ulipaka mwili mzima, tambua kwamba steroidi huingia pia kwenye damu. Ukipata uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu au kutapika baada ya kuacha, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nina mimba ya miezi minne, Mombasa. Chunusi zimejaa kidevuni na zikipona zinaacha madoa meusi. Mama anasema nipake liwa tu.

Hongera, mama kijacho. Dawa yetu ya kwanza kwako ni asidi ya azelaiki, ya 15% au 20%, asubuhi na jioni. Inatibu chunusi na pia inapunguza madoa, na hutumika wakati wa ujauzito. Itakuchonyota dakika chache siku za mwanzo. Usiguse tretinoini, adapalini wala vidonge vya doksisaiklini, na isotretinoini kabisa kabisa, kwani hiyo huharibu maumbile ya mtoto tumboni. Mwambie mkunga wako unachopaka.

Liwa la mama si adui, ila lichanganye na maji matupu, marashi yaache. Likikauka usilikwangue kwa kucha. Lilowanishe kwanza lilegee, ndipo ulisuuze. Madoa hayo si makovu, yatafifia kwa miezi, mradi ujikinge na jua na usitumbue. Ukitumbua, usaha husukumwa chini zaidi, na doa la wiki linakuwa la mwaka.

Kijana wa Mwanza, miaka 22. Vipele vimejipanga juu ya kipaji, kando ya nywele. Wenzangu wanasema nikioa vitaisha, na kwamba karanga ndizo zinazoleta.

Kuoa hakutibu chunusi. Vijana wengi hupungukiwa nazo umri unaposonga, na huo ndio umri wa kuoa, ndipo watu wakaunganisha mambo mawili. Karanga kula. Ukitaka kupunguza kitu, anza na soda, chai ya sukari nyingi na mikate myeupe. Sukari inayopanda haraka kwenye damu huchochea mafuta ya ngozi.

Kwa jinsi ulivyoeleza vilivyojipanga, tunashuku mafuta ya nywele. Yanashuka na jasho mpaka kipajini na kuziba matundu. Acha kuyapaka wiki sita, au yaanzie vidole viwili nyuma ya mstari wa nywele, na ufue kofia yako kila wiki. Vipele vikiwa vinawasha sana, muone daktari kabla ya kununua dawa ya chunusi, kwani fangasi wa vinyweleo hufanana navyo na dawa yake ni nyingine.