Koo la Joto na Koo la Baridi: Nilichojifunza Guangzhou

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limetutaka wasomaji tueleze ni dawa gani ya asili kutoka nchi ya kigeni iliyowahi kututuliza koo au kuturudishia sauti iliyokauka, na kama tungempa mtu tumpendaye. Nina sababu ya kulijibu kwa urefu, kwa kuwa kwa miaka sita sauti ndiyo iliyonilisha. Nilikuwa mkalimani wa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki mjini Guangzhou, kusini mwa China, na kazi hiyo ni ya kusema kutwa nzima, kila neno mara mbili, kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kichina, katikati ya kelele za masoko ya jumla ya nguo yaliyo karibu na stesheni ya reli na yale ya mikoba huko Sanyuanli. Katika msimu wa maonesho ya biashara ya Oktoba ya mwaka wangu wa kwanza nilipwelewa na sauti kiasi kwamba mteja wangu alilazimika kuniinamia ili anisikie nikimtajia bei.

Wenyeji wa mkoa wa Guangdong wana dawa yao ya kwanza kwa shida hiyo, nayo inauzwa karibu kila mtaa: chai ya kupoza mwili, iitwayo liangcha. Hali ya hewa ya huko ni ya joto na unyevu, na watu husema kwamba anayekula vya kukaanga, asiyelala vya kutosha au anayefanya kazi kupita kiasi hupandwa na moto mwilini, na dalili za moto huo ni vidonda vya mdomoni, koo linalowaka na sauti inayokwaruza. Biashara ya chai hizo ni ya zamani. Jina la Wanglaoji, linalojulikana kuliko mengine yote, huhesabiwa kuanzia mwaka 1828, na mwaka 2006 liangcha iliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika. Basi nami nikaingia duka la jirani, nikanunua ile chungu kabisa, ambayo jina lake maana yake ni ladha ishirini na nne, nikainywa asubuhi na jioni kwa siku tano. Tumbo likaharibika, na koo likabaki vilevile.

Siku ya sita mama mwenye nyumba niliyopanga alinichukua hadi eneo la Qingping, wilaya ya Liwan, ambako kuna soko kubwa la dawa za mitishamba, akanikabidhi kwa mzee mmoja aliyekuwa na duka dogo lenye ukuta mzima wa droo za mbao. Nilitarajia aniulize ninataka nini. Badala yake alinitaka nitoe ulimi, akauangalia kwa muda mrefu karibu na dirisha, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, kisha akaanza kuuliza: ninatamani maji ya moto au ya baridi? Kamasi zangu ni nyepesi na nyeupe, au ni nzito na za njano? Nilianza kwa kutetemeka au kwa kutokwa jasho? Koo linauma kama lenye kidonda, au linawasha tu? Nilipomweleza kwamba ninashinda katika kumbi zenye viyoyozi vikali na kutoka kila mara nje kwenye joto, alitikisa kichwa. Akasema kwamba koo langu lilikuwa la baridi, na kwamba kwa siku tano nilikuwa nikimwagia baridi juu ya baridi.

Hilo ndilo jambo ninalotaka wasomaji wenzangu walishike, kwa sababu ndilo linalopotea kila dawa hizi zinapovuka bahari zikiwa ndani ya mifuko ya nailoni. Kwetu huulizwa ni jani gani linatibu koo, lakini mganga wa Kichina huanza kwa kuuliza ni koo la namna gani. Koo jekundu linalowaka, lenye kiu na makohozi ya njano, hupewa mimea ya kupoza, kama maua ya jinyinhua, krisanthemamu au mzizi wa banlangen. Koo lililoshikwa na baridi hupewa vitu vya kupasha mwili joto, kama majani ya zisu na tangawizi mbichi. Mtu aliyekausha sauti kwa kusema sana, asiye na homa wala mafua, hupewa vitu vya kulainisha. Si lazima uamini habari za moto na baridi ili uone kwamba huo ni utaratibu wa kumchunguza mgonjwa kabla ya kumtibu.

Mimi nilipewa majani ya zisu, tangawizi, mzizi wa jiegeng na mzizi wa gancao. Gancao ni ule mzizi mtamu ambao Waarabu huuita irksus. Mchanganyiko wa jiegeng na gancao una historia inayonivutia sana. Umo katika kitabu cha tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, yapata miaka 1,800 iliyopita, na maelekezo yake ni mafupi: mgonjwa wa aina fulani akiumwa koo kwa siku mbili au tatu, mpe maji ya gancao peke yake, asipopona, mpe gancao pamoja na jiegeng. Kwa aliyepata vidonda kooni hata asiweze kutoa sauti, kitabu hichohicho kina dawa nyingine, inayochemshwa ndani ya ganda la yai, na mgonjwa anaagizwa aimeze kidogokidogo huku akiishikilia mdomoni. Mzee wa Qingping alisisitiza hayohayo: nisigugumie dawa kama mtu mwenye kiu, bali nipige funda dogo, nilishikilie, kisha niliache lishuke taratibu. Baada ya siku tatu sauti ilianza kurudi, ingawa ninakiri kwamba mafua mengi huondoka yenyewe ndani ya wiki moja, dawa iwepo isiwepo.

Mbegu iitwayo pangdahai niliijua mwaka uliofuata, safari hii nikiwa na koo kavu, linalowaka, baada ya wiki mbili za kusema bila kupumzika. Ndiyo mbegu ya waimbaji, walimu na watangazaji wa China, na sehemu kubwa huagizwa kutoka nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, kama Vietnam na Thailand. Ukiishika ni kitu kidogo cha kahawia, chenye mikunjo, kama kokwa ya tende iliyonenepa. Unaitia ndani ya glasi ya maji yanayochemka, unaifunika, na baada ya dakika chache ganda linapasuka na nyama yake inavimba, inafumuka kama wingu hadi inakaribia kuijaza glasi, huku kokwa ikibaki katikati. Ndiyo maana katika jina lake kuna neno la unene na neno la bahari. Ukinywa unasikia utelezi unaofanana na wa mlenda, wenye utamu kwa mbali. Utelezi huo ndio hasa unaolipa koo nafuu, kwa kuwa hupaka koromeo na kupunguza ule mkwaruzo unaomfanya mtu akohoe bure. Kinywaji hakizigusi nyuzi za sauti moja kwa moja, maana kikizigusa tutapaliwa. Kinachofanyika ni kwamba koo likilainika, mtu huacha kujikohoza na kujikaza, na nyuzi zinapata kupumzika.

Kitabu rasmi cha dawa cha China kinataja kipimo cha mbegu mbili hadi tatu tu za pangdahai. Pangdahai hulegeza tumbo, na kuifanya chai ya kila siku mwaka mzima, kama nilivyowaona baadhi ya Waafrika wenzangu wakifanya, ni matumizi mabaya. Gancao nayo, ikinywewa kwa wingi na kwa muda mrefu, hupandisha shinikizo la damu na kupunguza potasiamu mwilini, kwa hiyo mwenye presha akae nayo mbali. Dawa ya maji ya majani ya pipa, mti wa matunda ambao Waingereza huuita loquat, kwa mfano ile ya Nin Jiom ya Hong Kong, ni nzito kwa asali na sukari: mwenye kisukari ajihadhari, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kitu chenye asali. Uko pia mzizi uitwao shandougen, unaotumika kwa koo lililovimba sana, ambao ukizidi kipimo huleta kizunguzungu na kutapika. Huo usinunuliwe kabisa kwa kukadiria.

Upande wa utafiti, mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, shirika la kimataifa linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio ya dawa hizi kwa maumivu ya koo yaliona dalili za manufaa kwa baadhi yake, ila majaribio yenyewe hayakuwa na ubora wa kutosha kuipendekeza hata moja. Mimi ninaziita dawa za kutuliza, na ninaziheshimu kwa kazi hiyo. Mtoto mwenye homa, tezi za shingo zilizovimba na usaha kwenye mafindofindo anahitaji kupimwa hospitali, kwa sababu bakteria wa aina ya streptokoka wasipotibiwa kwa penisilini wanaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, na ugonjwa huo ungali unawaumiza watoto wengi wa Afrika Mashariki.

Mliuliza kama ningempa mtu nimpendaye. Niliporudi Dar es Salaam, dada yangu mkubwa, mwalimu wa darasa la kwanza, aliniomba pangdahai mara tu alipoona mfuko wangu. Nikamwomba atoe ulimi, tukacheka, kisha nikamuuliza sauti imekwaruza tangu lini. Alisema tangu shule zilipofunguliwa, na tulipohesabu ilikuwa wiki ya tano. Sikumpa mbegu hata moja siku hiyo. Nilimpeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwa kuwa sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki tatu au nne haina budi kuchunguzwa. Kamera ilionyesha vinundu viwili vidogo kwenye nyuzi za sauti, vile vinavyotokana na kupaza sauti kwa miaka mingi. Alifundishwa kupumua na kusema upya, akaacha kuita majina ya watoto kwa kelele, siku hizi hupiga makofi. Pangdahai anazo sasa, ndani ya kopo la chai jikoni kwake, na Ijumaa jioni ambazo koo limechoka huloweka mbili, anafunika glasi kwa kisosi, na anakaa kimya akisubiri zifumuke.