Maswali na Majibu: Sekta mbovu kwenye diski ya kompyuta (hard disk)

Swali: Kompyuta inaniambia nifanye bekapu kwa kuwa diski ina hitilafu. Niifomati?

Jibu: Imekuambia ufanye bekapu. Fanya bekapu.

Swali: Fundi kasema niendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, ili sekta mbovu (vipande vidogo vya diski visivyosomeka) zipone.

Jibu: Swali hili naletewa kila mara, na kila mara mwulizaji hasemi kama mafaili yake yana nakala kwingine. Kama hayana, usiiguse amri hiyo. Huipitia diski nzima, sekta kwa sekta, na diski iliyochoka inaweza kufia njiani. Tena kazi yake ni kunyoosha mfumo wa mafaili. Yaliyomo si shida yake. Kwanza hamishia kila kitu kwenye diski nyingine kwa GNU ddrescue. Programu hiyo huanza na sehemu zinazosomeka kirahisi, huziacha ngumu hadi mwisho, na huweka faili ya ramani ili umeme ukikatika uendelee ulipoishia. Ukarabati ufanyie kwenye nakala.

Swali: CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, inaonyesha C5 ni 8, ila 05 ni sifuri. Diski imekufa?

Jibu: Bado. C5 ni sekta zilizogoma kusomeka, zinazosubiri kuandikwa upya. Zikikubali kuandikwa, hufutwa kwenye hesabu. Zikikataa, diski huweka sekta za akiba mahali pake na 05, yaani hesabu ya sekta zilizobadilishwa, hupanda. Diski nyingi za sasa zina sekta za baiti 4096, ambazo kompyuta huziona kama sekta nane za baiti 512, kwa hiyo 8 yako huenda ni doa moja tu, pengine la umeme uliokatika wakati wa kuandika. Namba ikizidi kupanda, nunua diski mpya. Na ukiuziwa diski ya mtumba "iliyotolewa sekta mbovu", tazama 05 kabla ya kutoa pesa.

Swali: Diski inagonga. Niiweke kwenye friza?

Jibu: Hapana! Unyevu utatua juu ya sahani za ndani zinazobeba data. Izime sasa, usiiwashe tena hata kwa kujaribu. Fundi akitaka kuifungua mezani dukani, mnyang'anye. Kazi hiyo ina chumba chake kisicho na vumbi.

Swali: Nikihamia SSD (diski isiyo na sahani zinazozunguka), bekapu ya nini?

Jibu: SSD nayo huchakaa, na mara nyingi hufa ghafla bila mlio wowote. Weka nakala mbili, moja ikae nje ya nyumba yako.