Jibu: Neno refu la Kiingereza nalikateje?

Mdogo wangu wa Bagamoyo, unasema wageni wa magofu ya Kaole hawakuelewi ukitamka "archaeological", ilhali herufi huachi hata moja. Tatizo ni mkazo. Sisi tumezoea silabi ya pili kutoka mwisho: "sitakupikia", nguvu iko kwenye "ki", basi. Kiingereza hakina adabu hiyo. "Photograph" mkazo uko mwanzoni. "Photography" umehamia silabi ya pili. "Photographic", ya tatu.

Tazama mkia. Neno likiishia -ic, -ical, -ity au -tion, mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi inayotangulia mkia huo. ("Arithmetic" ya hesabu ni kaidi, izoee tu.) Kwa hiyo lako ni ar-chae-o-LO-gi-cal: silabi sita, bonyeza ya nne, nyingine zipitie mbiombio.

Ila usichanganye silabi na vipande vya maana. Katika "sitakupikia" mzizi ni "pik", lakini mdomo unakata "pi-ki". Ndivyo ilivyo hapo: "archaeo" ni ya kale, "log" ni elimu, "-ical" inalifanya kivumishi, na mdomo haujali mipaka hiyo.

Mie huku Tanga niliwahi kuwaambia wageni wa mapango ya Amboni wavae viatu "komfoteibo" ("comfortable", vya kustarehesha), mkazo kwenye "tei". Mama mmoja akasikia "table", akaniuliza meza iko wapi. Wenyewe wengi husema silabi tatu tu, KAMF-ta-bo, na hiyo "ta" huisikii vizuri.