Simba na makocha wake: nani tumemfukuza, nani kajiondokea

Mleta uzi, salaam. Umeandika kwamba kocha wetu Fadlu Davids kakimbilia Raja Casablanca ya Morocco kwa sababu ya midomo yetu, kwamba mashabiki wa Simba ndio tunaofukuza makocha, na kwamba watu wa Jangwani, yaani Yanga, wanabeba ubingwa kwa kuwa wana subira. Halafu ukauliza: shabiki wa kawaida atajuaje kuwa kocha ndiye tatizo? Nakujibu kwa urefu, uvumilie. Mimi ni mwanachama mwenye kadi, kwa Mkapa naingia mzunguko, yale majukwaa ya bei nafuu, na nimewahi kufundisha timu ya ndondo, mpira wa mtaani, huku Mbagala. Matusi ya shabiki kwa kocha nimeyatoa, nimeyapokea pia.

Kwanza hiyo habari ya kufukuza. Watu wanaitaja bila kuhesabu. Patrick Aussems alitupeleka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2019, Agosti mwaka huohuo UD Songo ya Msumbiji ikatutoa hatua ya awali kabisa, Novemba akaondolewa. Didier Gomes alimfunga Al Ahly hapa nyumbani kwa lile bao la Luis Miquissone, akafika robo fainali naye. Oktoba 2021 Jwaneng Galaxy ya Botswana wakaja Dar wakiwa wameshafungwa 2-0 kwao, wakatupiga 3-1 na kupita kwa mabao ya ugenini. Gomes hakumaliza wiki. Pablo Franco alifungwa na Yanga nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam pale Kirumba, Mei 2022, bao la Fei Toto, na mwezi ulipoisha naye akawa kaaga. Wa nne ni Robertinho, nitamrudia.

Sasa wengine. Sven Vandenbroeck aliipiga FC Platinum 4-0 Januari 2021, tukaingia makundi, watu bado wanashangilia tukasikia anaondoka, na muda si mrefu yuko AS FAR ya Rabat. Zoran Maki hata hatujamzoea 2022, akapata timu Misri akaenda. Abdelhak Benchikha aliaga Aprili 2024 kwa sababu za kifamilia, akiwa ametoka kuchukua Kombe la Muungano kule Zanzibar. Fadlu aliondoka Septemba 2025. Kwa hiyo wanne walitolewa moto ukiwaka, wanne walijiondokea. Sven na Zoran walipata ajira wanazozitaka, sisi tukabaki tunalaumiana vijiweni. Ukiniambia kwamba mashabiki wa Simba wana mdomo, nakubali. Ukiniambia mdomo huo ndio unaoendesha ajira ya makocha, hapo unatupa ukubwa tusiokuwa nao.

Haya, Robertinho. Huyu nilitaka aondoke, na leo ukiniamsha usiku wa manane nitakwambia vilevile. Ila sikutaka aondoke kwa sababu ya zile tano tulizopigwa na Yanga Novemba 2023.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Msimu wa 2023/24 ulianza na Ngao ya Jamii kule Tanga, tukamtoa Yanga kwa penalti. Kwenye ligi, mpaka inafika tarehe 5 Novemba, hatukuwa tumepoteza mchezo. Ukifungua mdomo kijiweni kumsema kocha unaambiwa, "Hajafungwa, unataka nini tena?" Lakini waliokuwa wanaangalia mpira, si ubao wa matokeo, walikuwa na wasiwasi. Power Dynamos ya Zambia tulitoka nayo 2-2 kwao Ndola, tukaja 1-1 hapa Dar, tukaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa bila kushinda hata mechi moja kati ya hizo mbili. Ikaja African Football League, mashindano mapya ya klabu za Afrika. Al Ahly tulitoka nao 2-2 hapa, mechi ya ufunguzi, tukaongoza kisha wakasawazisha. Tukaenda Cairo, Kanoute akatutanguliza, wakasawazisha tena. Watu walisifia sana matokeo yale, na kwa jina la Al Ahly walikuwa na haki. Mimi nilichobaki nacho kichwani ni kwamba mara zote mbili tuliongoza na mara zote mbili tukashindwa kulinda, na mara zote mbili ilikuwa kipindi cha pili, miguu ikiwa imeanza kuwa mizito.

Kisha ikaja ile Jumapili ya tarehe 5 Novemba, dabi na Yanga. Mapumziko ni 1-1: Musonda wa Yanga kafunga mapema, Kibu Denis wetu kasawazisha. Mzunguko mzima unaimba. Waliokuwepo wanajua kwamba mpaka hapo haikuwa mechi ya aibu. Kilichofuata ni kuanzia dakika ya 64, wote wa Yanga: Nzengeli, Aziz Ki, Nzengeli tena, halafu penalti ya Pacome. Mabao manne ndani ya kama dakika 25. Nilikuwa nimekaa sehemu ambayo naiona timu yetu kwa urefu, na jambo nililoliona halikuhitaji leseni ya CAF kulielewa. Mpira ukipotea mbele, viungo hawarudi. Si kwamba hawataki, hawawezi. Mabeki wetu Che Malone na Inonga wanabaki wawili, mbele yao pana uwanja mtupu, na Yanga wanaingia hapo na mpira wanavyotaka. Kocha yuko pembeni anaona, na timu inaendelea kupanda juu kama vile inaongoza.

Siku mbili baadaye klabu ikatangaza kuachana na Robertinho, na kwenye tangazo hilohilo akaondoka na kocha wa viungo, yule anayesimamia stamina ya wachezaji. Wengi walilipita hilo la pili kama nyongeza tu. Kwangu ndilo lilikuwa na maana zaidi, kwamba hata waliokaa mezani walijua timu imeisha pumzi.

(Mateso ya mtaani baada ya hapo sitayasimulia sana. Yule Myanga wa duka la mangi alikuwa ananihesabia chenji kwa vidole vitano, "khamsa, kaka, khamsa". Sisi tuliishi kwa ile 5-0 ya Mei 2012 zaidi ya miaka kumi, tukawatambia mpaka watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Zamu yao.)

Kwa hiyo jibu la swali lako linaanzia hapo. Matokeo yanakuja mwisho, dalili zinatangulia. Kazi ya mwalimu inaonekana dakika 20 za mwisho: timu bado inakimbia? Mabadiliko anayofanya yanatibu kinachoonekana, au anatoa winga anaingiza winga kwa sababu saa imefika? Kona na faulo mnazopigiwa, kila mtu anajua anamkaba nani? Na yule mchezaji aliyekuwa moto, akitoka kwenye majeraha, anapewa nafasi ya kurudi? Moses Phiri alikuwa anafunga atakavyo kabla hajaumia mwishoni mwa 2022. Aliporudi akawa mtu wa benchi chini ya Robertinho, na hatukuwahi kuelezwa sababu ikaeleweka. Hayo ni ya kocha. Hapo mpige kelele.

Lakini yapo yasiyo yake, na hapa ndipo nataka mleta uzi tuelewane, maana mashabiki wengi tunayarundika yote kichwani kwa mtu mmoja.

Nikiwa na timu ya ndondo, mfadhili wetu alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jezi zake, nauli zake, maji yake. Siku ya mechi anakuja na vijana wawili watatu kwenye gari, ananiambia, "Mwalimu, hawa wanacheza leo." Sijawahi kuwaona wakigusa mpira. Mmoja ni mtoto wa dada yake. Naanza nao, tunafungwa, na watu waliozunguka uwanja hawamtukani mwenye duka, wanamtukana mwalimu. Kuna mzee mmoja alikuwa anakuja kila mechi kwa ajili yangu tu, anasimama nyuma yangu anasema taratibu, "Mwalimu, umelala. Mwalimu, amka." Mfadhili anasimama pembeni yake anatikisa kichwa kukubali!

Sisemi Simba inaendeshwa kama ndondo ya Mbagala. Nasema ukitaka kujua kocha anabeba mzigo wa nani, angalia dirisha la usajili. Januari 2024, katikati ya msimu, tuliwaachia Jean Baleke na Moses Phiri kwa pamoja. Washambuliaji wawili ambao nchi nzima inawajua. Wakaja Pa Omar Jobe na Freddy Michael, na Jobe hata msimu mmoja kamili hakutimiza. Benchikha alikuwa amefika Novemba, mtu aliyetoka kuchukua Kombe la Shirikisho Afrika na Super Cup akiwa na USM Alger, tena lile la Shirikisho alilibeba mbele ya Yanga fainali, kwa faida ya mabao ya ugenini. Unamwambia mtu wa namna hiyo ajenge timu huku safu ya mbele imevunjwa yote kwa mkupuo. Tukamaliza wa tatu, tukapitwa na Azam kwa tofauti ya mabao tukiwa na pointi sawa, Ligi ya Mabingwa tukaikosa. Kwenye vijiwe lawama ilikuwa ya nani? "Mwarabu hana mbinu."

Na Luis Miquissone je? Tulimrudisha 2023 kwa sababu ya kumbukumbu za pira biriani, ule mpira wetu mtamu. Tuliyemkumbuka ni yule wa 2021. Aliyeshuka uwanja wa ndege alikuwa mwingine. Kocha yeyote angelazimika kumpanga, maana asingempanga mzunguko ungemla mzima.

Sasa hii ya subira ya Yanga, mkuu, hapana. Miguel Gamondi, kocha wa zile tano, alipewa mkono wa kwaheri Novemba 2024, mwaka mmoja tu baadaye, baada ya kufungwa na Azam na kisha Tabora United. Akaja Sead Ramovic, akakaa wiki kadhaa tu, akaenda Algeria Februari. Akaja Miloud Hamdi. Makocha watatu msimu mmoja. Sisi msimu huohuo tulikuwa na Fadlu mwanzo hadi mwisho, akatupeleka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika tukafungwa na Berkane. Bingwa wa ligi akawa nani? Yanga, kwa kutupiga 2-0 tarehe 25 Juni 2025. Kama kumvumilia kocha ndiyo siri, kombe lilitakiwa liwe Msimbazi, kwetu Simba. Yanga walibadilisha makocha lakini uti wa timu haukuguswa: Diarra golini, Bacca na Mwamnyeto nyuma, Mudathir katikati, Pacome, Nzengeli. Kocha mpya anaikuta timu inayojijua. Kwetu kocha mpya anakuta kikosi kipya, na akikizoea kinavunjwa.

Kwa Fadlu mwenyewe hasira za watu nazielewa. Hakuwahi kumfunga Yanga, hata sare hakuipata, na mechi ya mwisho ya Ngao ya Jamii Septemba 2025 ilikuwa vilevile. Kwenye dabi timu yake iliogopa, ilicheza pasi za pembeni na nyuma mpaka unapata usingizi, na hilo ni lake, wala halihusu usajili. Ila alichukua vijana wengi wapya kwa mpigo akawafikisha fainali ya Afrika ndani ya msimu mmoja. Ningekuwa na uwezo ningembakiza. Simlaumu kwa kwenda Raja, angekuwa mjinga kukataa.

Kuhusu namna ya kupiga kelele, nina msimamo ambao jamaa zangu wa tawi hawaupendi. Kuimba "hatumtaki" dakika ya 20, timu iko 0-0, ni kumsaidia mpinzani. Nimeona beki wa kulia akipigiwa miluzi mpaka anaomba mpira usimfikie. Subiri filimbi ya mwisho, kisha imba utakavyo. Na kama una kadi, mkutano mkuu ukiitwa nenda, simama kwenye kipaza sauti, uliza nani alipendekeza mchezaji fulani, kocha aliulizwa au aliletewa. Nimehudhuria. Watu tunasimama tunauliza habari za jezi na uwanja, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani, halafu msimu ukianza tunamuuliza maswali ya usajili kocha ambaye Kiswahili hajui.

Mchangiaji mmoja hapo juu kasema dawa ni mzawa. Sipingi, ila tuseme kweli. Juma Mgunda alitolewa Coastal Union Septemba 2022, Zoran kaondoka, hakuna maandalizi. Akaenda Luanda akampiga de Agosto 3-1, akamaliza 1-0 hapa, tukaingia makundi. Januari akaletewa Robertinho juu yake, yeye akarudishwa kuwa msaidizi. Benchikha alipoondoka 2024 akaitwa tena kuzima moto, msimu ulipoisha akaletwa mgeni mwingine. Wakati wote huo sikumbuki uzi hata mmoja humu uliosema tumpe Mgunda maandalizi ya msimu na wachezaji anaowataka yeye.