Ini limepasuka, mbona hawamfanyii operesheni?

SWALI: Daktari, kakangu aligongwa akiwa kwa boda hapo Thika Road, skani ikaonyesha ini limepasuka gredi 3, sasa amelazwa tu. Wanangoja pesa ama? – Dadake, Kasarani

JIBU: Pole dadangu. Siku hizi kama presha iko sawa na damu haipungui, wengi hawapelekwi theata, wanachungwa tu wodini, presha na damu zinapimwa mara kwa mara juu ini hujiponya lenyewe. Gredi za jeraha la ini ni 1 hadi 5, 5 ndiyo mbaya zaidi, lakini mimi huangalia presha kwanza. Akitoka, mpira na mizigo aachane nayo miezi kadhaa, aspirini pia asimeze bila kuuliza. Akizimia, akitapika damu ama macho yawe manjano, emajensi mbio, hata kama ni usiku.